SSD mpya ikikataa kuanzishwa

Hapa Umoja huwa naulizwa swali moja mara kwa mara: nimenunua SSD mpya, mbona haifanyi kazi? Kwanza tutofautishe mambo mawili. Diski mpya ikisema haijaanzishwa, hiyo si mbovu. Ni tupu tu, kama daftari ambalo halijaandikwa jina. Windows itakuuliza uchague MBR au GPT, unachagua, maisha yanaendelea. Shida ni pale unapochagua halafu inakataa.

Ndivyo ilivyokuwa mwezi wa sita kwa jirani yangu mwenye saiba. Mnajua mwezi huo ulivyo, kila mtu anakimbizana na ritani za KRA kabla ya tarehe 30. Mashine yake kuu ndiyo yenye printa na faili zote za wateja, na diski yake ya zamani, ile ya sahani zinazozunguka, ilikuwa imeanza kugonga. Tik, tik, tik. Akanunua SSD ya GB 240 mjini ili tuhamishe kila kitu.

"Kijana wangu, hii ikifa leo nitawaambia nini watu?"

Basi kabla ya kuigusa hiyo SSD nilinakili faili zake kwenye diski ya nje. Saa moja na ushee, mama amesimama nyuma yangu muda wote.

SSD ilionekana, lakini kila nikijaribu kuianzisha Windows inaleta hitilafu ya kusoma na kuandika. MBR, hapana. GPT, hapana. Kijana mmoja aliyekuwa akingoja kuchapisha CV akasema tuifute kwa diskpart. Tukajaribu, hitilafu ile ile.

Hapa ndipo wengi hupoteza siku, wakipakua programu moja baada ya nyingine. Kuanzisha diski ni kuandika tu jedwali la migawanyo yake. MBR hukaa kwenye baiti 512 za mwanzo kabisa. GPT huchukua nafasi zaidi kidogo na kuweka nakala mwishoni mwa diski. Diski iliyoshindwa kupokea baiti 512 haitaokolewa na programu ya kufomati, hata ziwe kumi. Swali ni nani anayekataa: waya, tundu, umeme, au diski yenyewe?

Nikabadilisha kimoja kimoja. Waya mwingine wa SATA, tundu lingine kwenye bodi, kichwa kingine cha umeme. Mwisho nikaichomeka kwenye laptop yangu kwa adapta ya USB. Ikakataa kotekote. Nikairudisha kwenye mashine ya mama, nikawasha Linux kutoka kwenye flashi na kuangalia diski inajitambulisha vipi. Badala ya jina lililochapishwa kwenye pakiti, ikajiita SATAFIRM S11.

Jina hilo linajulikana na mafundi wa diski. SSD nyingi za bei nafuu hutumia kontrola ya Phison PS3111-S11. Sehemu kubwa ya programu inayoiendesha kontrola hiyo huhifadhiwa kwenye chipu zile zile zinazotunza data. Ikishindwa kuisoma, kontrola huamka nusu na kujitaja kwa jina la kiwandani. Zipo njia za kuipachika programu upya, lakini kwa diski yenye risiti ya jana siwezi kumshauri mtu. Ya nini kufanya kazi ya muuzaji?

Dukani kulikuwa na lile bango letu tunalolijua: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Lakini Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sikulazimika kuitaja sana. Nilimwonyesha muuzaji picha za skrini, jina kwenye pakiti na jina kwenye Linux, akanyamaza, akatoa nyingine. Tukaijaribu pale pale kaunta kabla sijaondoka.

Hiyo ya pili ilikubali mara ya kwanza. Nilichagua MBR kwa sababu mashine ya mama ni ya BIOS ya zamani na Windows haiwezi kuwaka humo kutoka kwenye diski ya GPT. Kikomo cha TB 2 cha MBR hakitusumbui kwa GB 240. Kunakili kulimalizika usiku, na asubuhi watu wa ritani walikuta printa inafanya kazi.