Picha Mliyoiona Ni Yangu

 

Ile picha inayozunguka kwenye vikundi vya WhatsApp tangu Jumatatu ni yangu. Si ya mtu anayefanana nami, na haikutengenezwa na kompyuta kama mmoja wenu alivyonitetea (asante, lakini hapana). Mwanamume aliyeinama juu ya meza ya pool, shati la samawati, tangazo la bia nyuma ya kichwa chake, ni pasta wenu. Ilipigwa Jumamosi iliyopita mwendo wa saa tano asubuhi. Sikunywa kitu ila soda. Lakini nikianza na soda nitakuwa najitetea, na leo sikuja kujitetea.

Nianze na mwaka 2000.

Nilikuwa na miaka 20, nimemaliza shule, sina kazi. Mtaani kwetu kulikuwa na baa yenye meza moja ya pool. Unatumbukiza sarafu ya shilingi 20, unasukuma, na mipira inateremka ndani ya meza kwa kishindo. Mlio huo niliujua kabla sijajua wimbo hata mmoja wa tenzi. Fimbo tatu za baa zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Moja ilikuwa imepinda, ya pili haikuwa na ngozi nchani, ya tatu ndiyo tuliyoigombania. Na nilikuwa mzuri. Naandika hivyo bila kiburi, kwa sababu mtakapofika mwisho wa aya mbili zijazo hakutakuwa na kitu cha kujivunia.

Siku moja mama alinipa shilingi 4,500 nipeleke shuleni kwa dada yangu mdogo, aliyekuwa kidato cha pili. Mama alikuwa ameuza mahindi yote aliyoweka ya mbegu. Njia ya kwenda stendi ilipita mbele ya ile baa. Alikuwepo mtu wa mtaa mwingine, tukacheza ya shilingi 500, nikamfunga. Tukarudia, nikamfunga tena. Halafu akasema, weka zote. Nikaziweka.

Fremu ya mwisho ilibaki na mpira mweusi peke yake. Ulikuwa karibu na shimo la pembeni, na mpira mweupe ulikuwa nyuma yake shibiri mbili hivi, umenyooka kama uzi. Mtoto angeutia. Niliupiga kwa nguvu na kwa furaha. Mweusi ukaingia, na mweupe ukaufuata, ukaingia nao, kama ndama anayemfuata mama yake. Wanaocheza wanajua: mweusi na mweupe vikiingia kwa pigo moja, umepoteza fremu yote, hata kama ulikuwa umemaliza mipira yako na mwenzako bado ana saba mezani.

Nilisema uongo mara mbili siku ile. Nilimwambia mama nimeibiwa kwenye matatu. Nikawaambia wenzangu fimbo ilikuwa imepinda. Dada yangu alikaa nyumbani muhula mzima, akarudia darasa.

Uongo wa kwanza niliujua kuwa uongo. Ule wa pili niliuamini mwenyewe kwa miaka mingi, na huo ndio ulionisumbua wiki hii. Fimbo haikuwa imepinda. Ilikuwa ile ya tatu, ile nzuri. Nilichofanya ni kuupiga mpira mweupe juu ya kitovu chake. Ukiupiga juu, unakwenda huku unabiringika mbele. Unapogonga mwenzake kwa kunyooka unampa karibu mwendo wake wote, lakini ule mzunguko unabaki nao, na ndio unaousukuma kuendelea. Ukiupiga chini kidogo ya kitovu, kwa kipimo kinachofaa, unafika ukiwa unateleza tu, haubiringiki, na ukigonga unasimama pale pale. Mchezaji wa mwezi wa tatu anafundishwa hivyo. Mimi nilikuwa najua. Nilikuwa na haraka ya kusherehekea.

Niliokoka mwaka 2002. Nilipoingia chuo cha Biblia tulitakiwa kutoa ushuhuda mbele ya wenzetu, na wangu ulikuwa mzuri, watu walilia. Niliitaja pombe. Niliutaja uzururaji. Zile 4,500 sikuzitaja.

Kuna mchezaji mmoja wa Ufilipino, Efren Reyes, ambaye wengi humhesabu kuwa bora kuliko wote waliowahi kushika fimbo. Alilelewa Manila katika ukumbi wa pool wa mjomba wake. Alikuwa mfupi hata akasimama juu ya kreti za soda ili aifikie meza, na usiku akalala juu ya meza hizo hizo. Mwaka 1985 alikwenda Marekani, kwenye mashindano ya Houston, akacheza kwa jina la Cesar Morales, kwa sababu jina lake halisi lilikuwa limetangulia kufika na hakuna ambaye angekubali kucheza naye kwa pesa. Alishinda. Baadaye alirudi kwa jina lake, akatwaa US Open mwaka 1994, wa kwanza asiye Mmarekani, na mwaka 1999 akawa bingwa wa dunia wa mipira tisa kule Cardiff, Wales. Nilipoisoma habari ya Houston sikucheka kama wengine. Nami niliingia huduma kwa jina langu halisi lakini na ushuhuda wa Cesar Morales.

Sasa tuje kwa huyu kijana.

Wengi mnamjua, simtaji. Ni wa kwaya. Miezi mitatu iliyopita alikuja ofisini, akafunga mlango, nikajua ni jambo zito. Nilifikiri ni msichana. Akasema, "Pasta, nimefuzu mashindano ya pool ya kaunti. Naomba uniombee, na naomba ushauri. Nataka kununua fimbo yangu mwenyewe." Akanionyesha picha kwenye simu: fimbo nyeusi yenye maua ya dhahabu kwenye mpini, shilingi 14,000. Alikuwa ameweka akiba ya 9,000 na alitaka kukopa zilizobaki kwa wale wa simu.

Ningeweza kumwambia hatuchezi mchezo huo, nikafungua Biblia, tukamaliza kwa dakika tano. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukimuuliza, "Ncha yake ni milimita ngapi?"

Alinitazama kama punda wa Balaamu amesema.

Nikamweleza. Ile fimbo imetengenezwa kwa meza kubwa ya Kimarekani ya futi tisa, yenye mipira ya milimita 57. Ncha yake ni nene, milimita 12 au 13. Mashindano yake yanafuata kanuni za blackball, zile zinazotumika hata katika mashindano ya Afrika: meza ya futi saba, mipira midogo ya milimita 51 hivi, saba myekundu, saba ya njano na mweusi mmoja. Kwa mipira hiyo wachezaji wengi hutumia ncha ya milimita 8 au 9 na kitu. Ukishika ncha nene juu ya mpira mdogo, unapotaka kuupiga chini kidogo ya kitovu, ncha inakufichia mahali unapolenga. Ni kama kuandika jina kwa brashi ya kupakia ukuta rangi.

Tulienda Nairobi pamoja siku ya kazi. Tulipata fimbo ya mtumba ya mti wa mwesheni, ule mti mweupe ambao mistari yake inaonekana kama mishale ikielekea nchani. Haikuwa na maua yoyote. Muuzaji akaibiringisha juu ya kaunta kuonyesha imenyooka. Usikubali hivyo tu, maana kaunta yenyewe inaweza kuwa imepinda. Niliinua nikaitazama kwa jicho moja kutoka mpinini hadi nchani, nikiizungusha polepole kama mtu anayekagua mtutu wa bunduki. Tukaifungua pale inapoungana, tukaangalia kama vipande viwili vinakutana bila mwanya. Tukapima uzito: aunsi 18, kama nusu kilo na ushee. Kijana alitaka nzito zaidi akidhani uzito ni nguvu. Nikamwambia aiegemeze juu ya kidole, aone mahali inapolala sawa, kisha apige pigo ishirini za hewani. Kama mkono wa nyuma unachoka, si yake. Ngozi ya ncha ilikuwa imechakaa, tukaomba ibandikwe mpya kwa shilingi 300. Yote ikawa 6,300. Akabaki na akiba na hakukopa kwa mtu.

Mmenisikia nikihubiri mara nyingi kuhusu Daudi kuyavua mavazi ya vita ya Sauli. Nilikuwa nafikiri nimeyaelewa.

Halafu nikampa masharti mawili. Asiiache kwenye gari juani wala kuiegemeza ukutani usiku kucha, mti unakunjwa na joto na unyevu. Na asicheze hata siku moja kwa pesa ya mfukoni. Kiingilio cha mashindano na zawadi iliyotangazwa, sawa. Ile ya "weka zote", hapana. Akaniuliza kwa nini naipigia kelele sana hiyo ya pili. Nikamwambia nitamwambia siku nyingine.

Jumamosi nilikwenda. Ndiyo, ukumbi uko ndani ya baa. Mzee mmoja wa kanisa ameniuliza swali ambalo ni haki yake kuuliza: utakemeaje pombe Jumapili ikiwa Jumamosi ulikuwa mgeni wake? Naomba niseme ukweli, mchezo huu katika eneo letu umelelewa na bia. Tanzania mashindano ya taifa yalibeba jina la Safari Lager. Uganda yamebeba Nile Special. Mwenye meza ni mwenye baa, na mwenye baa anataka watu wakae wanywe. Na pembeni ya meza niliona noti zikibadilishana mikono ingawa tangazo la kukataza lilikuwa ukutani. Sina jibu la kumridhisha mzee. Ninachojua ni kwamba kijana wetu angekuwa pale iwe nimekwenda au sikwenda.

Picha ilipigwa wakati wa kupasha misuli. Aliniambia, "Pasta, jaribu basi hiyo ncha." Miaka zaidi ya ishirini sijashika. Niliinama. Sijui nani alikuwa na simu.

Alifika robo fainali. Wa kwanza kufika fremu tano. Ikawa nne kwa nne, na katika fremu ya mwisho, wapendwa, ukabaki mweusi karibu na shimo la pembeni, na mweupe nyuma yake, umenyooka. Nilisimama nikatoka mlangoni, nikarudi. Kijana alipaka chaki taratibu. Alizunguka meza, akainama, akainuka tena, akapaka chaki mara ya pili. Akaupiga chini kidogo ya kitovu. Mweusi ukaingia. Mweupe ukasimama pale pale, haukusogea hata kidole. Watu wakapiga kelele, na mimi nikaenda msalani nikalia kama mtoto.

Nusu fainali alipigwa tano kwa moja na kijana wa Nakuru aliyekuwa bora kuliko yeye kwa kila njia. Alipata shilingi 3,000. Jumapili alileta 300 kwenye bahasha ya fungu la kumi, akaandika kwa nje zilikotoka. Mhazini amenipigia kuuliza kama tuzipokee. Nimemwambia azihifadhi hadi kikao cha wazee Jumamosi. Pale pia nitajibu kuhusu picha, na nitakubali watakaloamua juu yangu.

Lakini kabla ya wazee kulikuwa na mtu mwingine. Jana usiku nilimpigia dada yangu. Yeye pia huniita Pasta, kwa utani na kwa heshima, siwezi kutenganisha. Nilimwambia yote, mahindi, baa, mweusi, mweupe, uongo wa matatu. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani laini imekatika.

Akasema, "Mimi nilijua."

Nikamuuliza tangu lini.

"Muhula ule ule. Mama ndiye aliyeniambia. Yule mtu alikuja sokoni akajisifu mbele ya kibanda chake."

Mama alifariki mwaka 2014. Alikaa mstari wa mbele siku niliyowekewa mikono kuwa mchungaji, akanishonea suti kwa pesa zake. Alinisikia nikitoa ule ushuhuda si chini ya mara tano. Hakuwahi kuniuliza kitu.

Nilimuuliza dada kama naweza kuandika haya. Akasema niandike, ila niandike pia kwamba alikuwa namba tatu darasani aliporudia, watu wasije wakadhani alirudia kwa kufeli. Nimeandika. Kisha akauliza, "Na huyo mtoto, fimbo yake ina kasha?" Nikasema hana, anaifunga kwa leso ya mama yake. Asubuhi hii ametuma shilingi 1,500.

Ibada ya Jumatano iko palepale, saa kumi na mbili jioni. Kwaya, tafadhali mfike mapema.

Pasta wenu.