Kati ya taolu na sparingi kuna ngazi, msiiruke

Kuna makundi mawili ya watu hunichosha kwenye hii mambo ya kungfu. Wa kwanza ni wale wanasema taolu ni densi, ati hakuna siku mkao wako wa mabu utakusaidia ukipatana na msee anajua ngumi. Wa pili ni wale wanasema rudia taolu mara elfu kumi, siku ya vita mwili utajua wenyewe cha kufanya. Wote wanaruka kitu kimoja, na hicho kitu ndicho kinaamua kama mtu atabaki kwa huu mchezo ama ataacha.

Kama wewe ni mgeni: taolu ni ule mfululizo wa hatua, ngumi na mateke uliopangwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Wengi wetu tulianza na wubuquan, ile ya mikao mitano. Ni fupi, haimalizi hata dakika, lakini ukiifanya poa mapaja yatakuambia. Inafundisha vitu vya ukweli: uzito ukae mguu gani, kiuno kianze kabla ya mkono, mgongo usipinde. Hapo sina ubishi.

Shida ni kwamba kwa taolu wewe ndiye unaamua kila kitu. Saa ya kuanza ni yako, umbali ni wako, na hakuna mtu anakuharibia mpango. Ni kama zile insha tulikuwa tunakariri darasa la nane. Si unakumbuka? Lazima jua lichomoze, ndege waimbe, uweke methali tano na tashbihi kibao, hata kama kichwa cha insha ni ajali ya basi usiku. Alama ulipata. Halafu unaenda Mombasa, mama wa mahamri anakuuliza swali moja la kawaida na unashikwa na kigugumizi. Maneno yote ulikuwa nayo, manze. Ni vile tu hakuna mtu alikuwa amewahi kukujibu.

Mwezi wa nne 2017 kule Chengdu, Uchina, jamaa wa MMA anaitwa Xu Xiaodong alipigana na mwalimu wa taichi, Wei Lei. Iliisha kwa sekunde chache tu. Hiyo video ilizunguka dunia nzima na watu wakasema basi, kungfu ni uongo. Mimi nauliza hivi: mbona hao hao hawasemi chochote kuhusu sanda? Sanda ni kungfu pia. Kwenye mashindano ya dunia ya wushu, yaliyoanza Beijing mwaka 1991, kuna taolu na kuna sanda. Sanda ni ngumi, mateke na kuangushana, raundi za dakika mbili mbili, juu ya jukwaa la mita 8 kwa 8 lililoinuka sentimita 80, na ukisukumwa ukaanguka chini mwenzako anapata pointi. Hapo hakuna mtu anakuuliza kama uko tayari kwa hatua inayofuata.

Kwa hivyo swali si taolu ama sparingi. Swali ni unatoka hapa kufika pale aje.

Kilabu nilichoanzia, sitakitaja, jibu lao lilikuwa: ruka. Miezi tisa ya taolu, halafu Jumamosi moja tukaambiwa vaeni glavu. Rafiki yangu akawekwa na msee mkubwa, wa miaka miwili mbele yake, bila hata kinga ya meno. Ngumi ya tatu, akageuka akampa mgongo na kujifunika kichwa. Watu wakacheka. Alirudi mara mbili, kisha akasema siku hizi Jumamosi ako na kazi. Hana kazi yoyote Jumamosi, mimi humwona hapo mtaani. Na huyu ndiye alikuwa anakaa mabu kutushinda sote. Kuna mtu atasema alikuwa mwoga. Mimi nasema alipewa mtihani wa kitu hakuna mtu alikuwa amemfundisha, na tulipoteza mtu mzuri kwa dakika moja.

Sai nafanya mazoezi kwa sifu mwingine, na nimeanza kuenda na cuzo wangu wa miaka 16. Siku moja tukitoka akaniuliza, "Sasa mtu akinishika hapo stage, hii yote itanisaidia?" Nikamwambia bado. Kwanza utakimbia na kupiga nduru, nikamwambia, lakini pia tutaanza kupanda.

Kupanda ni hivi: kila hatua inakunyang'anya kitu kimoja unachojua. Mwanzo alijua kila kitu. Natupa ngumi ya kushoto, polepole, inaelekea paji la uso, kwa hesabu ya moja. Anatoka pembeni na kukinga, mkono ule ule wa kwenye taolu yake. Ikawa rahisi. Nikaondoa hesabu. Ngumi ni ile ile, lakini inakuja nikitaka. Hapo mambo yaliharibika vizuri! Akaanza kufumba macho, kukinga ngumi ambazo sijatupa, kushikilia pumzi. Tulikaa hapo wiki tatu, na singekubali kupunguza hata siku moja, kwa sababu huo ndio woga uliomtoa rafiki yangu, sema sasa unakuja kwa vipimo vidogo.

Baadaye nikaanza kutembea, kwa hivyo umbali haujui tena. Halafu inaweza kuwa ngumi ama teke la tumbo. Halafu anaruhusiwa kujibu, lakini mkono mmoja tu. Na kila tukiongeza kitu kipya, kasi inashuka, tunacheza kama watu wanaosha vyombo.

Hii si akili ya sifu wangu peke yake. Wing Chun wako na chi sao, mikono imegusana na unasikia mwenzako anaenda wapi kabla macho hayajaona. Taichi wako na tuishou. Na yule mzee wa judo, Kano Jigoro, aliyeanza Kodokan mwaka 1882, aliacha mbinu hatari zibaki kwa kata, ndio kwenye randori watu waangushane kwa nguvu zote bila kuvunjana. Alipunguza vitu ndio uhuru uongezeke.

Najua mtaniambia mwizi hatakuja na mkono mmoja tu. Ni kweli. Na ni kweli pia hii mazoezi ya katikati inaweza kugeuka taolu nyingine. Nimeona wasee wawili wanacheza chi sao smooth kabisa, miaka nenda rudi, na hawajawahi kutoka hapo. Nyinyi wawili mkishajua itaishia wapi, ondoeni kitu kingine.

Wiki jana cuzo alipata raundi yake ya kwanza ya huru. Dakika moja, nguvu kidogo, kichwa hakuna, glavu, kinga za ugoko na za meno. Sekunde kama ishirini alikuwa anarudi nyuma tu. Halafu uzito wake wote ukaenda mguu wa nyuma, ule wa mbele ukabaki mwepesi, xubu kabisa kama kwenye wubuquan, na huo mguu wa mbele ukaniingia tumboni. Sidhani hata alijua ameufanya. Akashtuka, akashusha mikono, akaniuliza, "Pole, nimekuumiza?" Nikamgonga bega.

"Hiyo si haki!"

"Hakuna kuomba msamaha katikati ya raundi."

Alikasirika kabisa. Saa ikalia, nikamwambia tukunywe maji. Akakataa, akarudi katikati ya ukumbi na kuinua mikono.