Ubishi wa Wakwe

Usiku ule mvua ilipiga mabati ya jirani kwa kishindo. Sisi nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, tukawa tunasikiliza kelele za wenzetu. Ilikuwa mwaka 1976, Butiama, si mbali na Mwitongo, na mke wangu akajifungua mtoto wa kiume. Kulipokucha nyumba ilinuka moshi wa kuni, samli na uji wa ulezi. Mama yangu, Mzanaki halisi, akasema mtoto kaja na mvua, jina lake linajulikana. Si ndivyo Mwalimu Nyerere alivyoitwa Kambarage mwaka 1922?

Jina halikuleta shida. Shida ni kwamba sisi tulikuwa Wakatoliki na mke wangu katoka Bukiroba, kwa Wamenonaiti, wale walioanzia Shirati mwaka 1934. Kwao kichanga habatizwi. Huombewa, akikua ataamua mwenyewe.

Wakwe wakafika na kapu la sato wakavu na kuku wawili waliofungwa miguu. Mama akawapokea, "Tumsifu Yesu Kristo!" Mama mkwe naye, "Bwana Yesu asifiwe!" Hakuna aliyemwitikia mwenzake. Kuku ndio walioitikia.

Baba akatangaza kwamba Jumapili mtoto anakwenda kwa padre. Mzee wa Bukiroba akapuliza chai yake.

"Mkwe, Mwalimu wenu alibatizwa lini?"

Baba akakohoa. Butiama nzima ilijua: Nyegina, Desemba 1943, akiwa na miaka 21.

"Basi alingojwa mpaka akawa na akili zake. Huyu mnamkimbiza wapi?"

Chai ikapoa baba akitafuta jibu. "Nyumbani kwa Mwalimu hapakuwa na Mkristo alipozaliwa. Huyu kawakuta wanne, na bado wanagombana."

Mtoto, aliyekuwa mapajani mwa mzee, akaona amalize kesi. Suruali ya kaki ikalowa mpaka gotini. "Haya," mzee akasema, "kaanza kunibatiza mimi."

Jumapili mtoto akamwagiwa maji, wakwe wakiwa benchi la nyuma, vitambaa vyeupe kichwani kwa kina mama. Jioni, chini ya mwembe, wakamwekea mikono kwa sala ambayo, nisikufiche, ilipoza kuku wote. Wakaimba Tukutendereza, mama yangu hajui neno hata moja, mabega yanajua yote. Tangu siku ile mama ndiye akawa wa "Bwana Yesu asifiwe", na mama mkwe wa "Tumsifu Yesu Kristo", kila mmoja kwa salamu ya mwenzake, mpaka walipofariki.

Mwaka jana nilialikwa ubatizo wa kitukuu chao, mjini Musoma. Ilitangulia kadi ya mchango. Kulikuwa na ukumbi, mshereheshaji, keki ya ghorofa mbili, na muziki mkubwa hata ubishi usingewezekana. Wakwe wa safari hii tulikaa meza mbili tofauti, tukapungiana mikono. Sare nilishona kama wengine. Kitenge chenyewe kimepauka kwa kufuliwa mara moja.