Barua za Marehemu Ndani ya Kompyuta

Ndugu msomaji, yamkini nawe umepata kukutana na jambo hili. Unawasha kompyuta nyumbani, unafungua programu ya barua pepe, nayo inakuuliza neno la siri ambalo kwa miaka mingi haikupata kuliuliza. Unaliandika, inakataa. Wengi wetu hulaumu mtandao, au hudhani mwizi ameingia. Pengine si mtandao wala mwizi, bali ni faili dogo lililoharibika ndani ya mashine yenyewe, mathalan siku ile umeme ulipokatika huku programu ikiandika.

Hapa Ubena Zomozi, kando ya barabara ya Morogoro, jambo hilo lilitufikia kwa sura nzito. Jirani yetu alifariki akaacha mjane, watoto watatu na kompyuta moja. Miezi michache baada ya arobaini akatokea mtu aliyemwuzia marehemu shamba la ekari mbili, akadai kwamba fedha hazikumalizika. Mjane alijua zilimalizika, na kwamba muuzaji mwenyewe aliandika kwa barua pepe kukiri kuzipokea. Lakini kompyuta ilipowashwa, umeme ukakatika mara mbili jioni ile ile, na tangu hapo programu ikawa inadai neno la siri. Aliyelijua tulikwisha mzika.

“Mwalimu,” aliniuliza, “ina maana barua za mzee zimekufa pamoja naye?”

“Hapana, shemeji,” nilimjibu. “Tusikate tamaa mapema.”

Fundi mmoja kijana alikwisha shauri kompyuta yote isafishwe na kila kitu kiwekwe upya. Nilimzuia, na sababu yangu naomba uifuate. Programu aliyoitumia marehemu, Thunderbird, huweka mambo ya mtumiaji katika folda moja liitwalo profaili. Barua zina mafaili yake. Maneno ya siri yana faili jingine, logins.json, nayo humo yamefumbwa yasisomeke. Ufunguo wa kuyafumbua umo katika faili la tatu, key4.db. Likiumia moja kati ya hayo mawili ya mwisho, programu husahau maneno ya siri, lakini barua haziguswi. Kumbe kusafisha mashine kungeteketeza kile tulichokuwa tukikitafuta!

Tena marehemu alitumia utaratibu wa zamani uitwao POP, ambao huziteremsha barua mpaka ndani ya kompyuta. Basi programu ilipouliza neno la siri tulibonyeza kitufe cha kughairi, tukaingia sandukuni. Barua zote za zamani zilikuwa pale, na ile ya muuzaji ikiwamo. Mtoto mkubwa aliipeleka Chalinze kwa flashi, akaichapisha nakala tatu.

Hapo ndipo tulipogeukia matengenezo. Tuliifunga programu kabisa, tukanakili profaili yote mahali pengine kabla ya kugusa lolote. Kisha tukayaondoa mafaili yale mawili, logins.json na key4.db, tukayahifadhi kando. Hatukujua ni lipi lililoumia, wala hatukuhitaji kujua, maana hayo huenda pamoja kama kufuli na ufunguo wake. Laiti tungekuwa hatuna nakala, ingebidi kuliandika neno la siri upya, na kama halijulikani, kuwaendea wanaotunza anwani hiyo na vielelezo mkononi. Ufunguo ukiharibika, hakuna fundi wa kuyafumbua yaliyofumbwa. (Kwa barua za Google, tangu mwaka 2022, programu hizi hupewa kibali badala ya neno lenyewe, nacho hukaa humo humo, na kikipotea huombwa upya kwa kuingia tena.)

Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kutunza. Katika kabati lake tulipata flashi yenye nakala ya profaili nzima. Tulichukua mafaili yale mawili kutoka humo, tukayaweka mahali pa yale mabovu, tukafungua programu. Haikuuliza kitu. Barua za miezi ile zikaanza kuteremka, nyingine zikiwa za watu ambao hawajapata habari ya msiba.

Katika mipangilio ya programu kuna mahali pa kuyaona maneno ya siri yaliyohifadhiwa. Tulipofika hapo nilitazama dirishani, shemeji akasoma mwenyewe, akacheka peke yake kwa muda. Sasa limeandikwa katika daftari lililo ndani ya sanduku la chuma, pamoja na karatasi za shamba. Mabingwa wa mjini hawapendi neno la siri kuandikwa karatasini. Mimi naona wao hawajazika mtu aliyeondoka nalo.

Muuzaji alipewa barua yake aisome mbele ya baraza la ardhi la kijiji. Aliisoma mara mbili, akaomba maji ya kunywa, kisha akauliza ni wapi anapotakiwa kutia saini.