Tundu la Uzio na Kichwa cha Ming'oko

Jumamosi moja hapa Leicester, Uingereza, jirani yangu, bibi wa miaka sabini na kitu, alinigongea mlango akiwa ameshika msumeno. Alikuja kuomba ruhusa ya kutoboa uzio wa mbao uliopo kati ya bustani zetu. Tundu lenyewe dogo tu, sentimita 13 kwa 13, la kumtosha kalunguyeye. Mnyama huyu huzunguka usiku akitafuta wadudu na konokono, na nyua zilizozibwa kila upande humnyima njia. Nilimshikia ubao, akakata.

Hapa hayo ni mambo ya kawaida. Mwezi Mei, watu wengi huacha kukata nyasi za uani, wakiitikia wito ulioanzishwa na shirika la Plantlife mwaka 2019, ili maua ya mwituni yachanue na nyuki wapate chakula. Wengine hununua mbegu za maua hayo dukani, kipakiti kwa kipakiti. Wana sababu. Tangu miaka ya 1930 Uingereza imepoteza takriban asilimia 97 ya nyanda zake za nyasi zenye maua ya asili. Kilichoondolewa kwa trekta sasa kinarudishwa kwa kijiko.

Matrekta yalifika hata kwetu. Mimi ni mtoto wa Nachingwea, kusini mwa Tanzania, na kwa mama ni Ruangwa. Wazee walitusimulia habari za mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947, Waingereza walipotaka kugeuza mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea kuwa mashamba makubwa. Baadhi ya mitambo ya kung'olea visiki ilitengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umekufa, baada ya kula zaidi ya pauni milioni 30. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili ya karanga hizo nayo ikang'olewa miaka ya 1960. Lakini mingi ya miti ya miombo ina tabia moja: ukiikata shina bila kuiua mizizi, huchipua tena.

Jioni ile nilimpigia mjomba, Ruangwa, nikamweleza habari za kalunguyeye. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mpwa wangu, huko mnatoboa uzio ili mnyama apite. Sisi huku tunakesha ili asipite." Tembo walikuwa wameingia shambani kwa jirani yake, wakamaliza mahindi kwa usiku mmoja. Wanakijiji walipiga madebe na kuwasha moto hadi alfajiri. Serikali ina malipo ya kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, na majina hayo yenyewe yanakiri kwamba hasara hairudi yote. Anayemtunza kalunguyeye hapotezi chakula cha watoto wake. Mkulima wa kusini huweza kukipoteza, na anayesifu uhifadhi akiwa Ulaya asilisahau hilo.

Hata hivyo, mjomba si adui wa msitu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake, kuutungia sheria ndogo na kufaidika na mapato yake. Jirani zetu wa Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi, walipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC kwa misitu yao ya asili, wa kwanza Afrika kwa misitu inayosimamiwa na wanavijiji. Mpingo wanaoulinda huchukua miongo mingi kukomaa, na ndio unaotumika kutengenezea klarineti zinazopigwa katika kumbi za huku. Wanaokwenda doria leo wanamtunzia mjukuu.

Kwa kulinda msitu, basi, wapo nyumbani wanaoweza kumfundisha jirani yangu. Penye upungufu ni uani, na hapo nasema hasa na wenzangu tulio nje. Tukituma pesa za ujenzi, agizo la kwanza ni "kusafisha kiwanja", kana kwamba mninga na mkwaju ni uchafu. Udongo ukishabaki mtupu, tunaagiza ukoka na miashoki ya kupanga mstari. Sidharau uwanja uliofagiliwa, maana nyoka huonekana mapema na mgeni hupokewa kwa heshima. Wala sichukii mti wa kigeni. Mkorosho ulitoka Brazili na ndio uliotusomesha. Ninachoomba ni pembe moja tu ya kiwanja. Mwambie fundi auache mkwaju alioukuta. Panda mfuru, ndege wale na watoto wale.

Mama mdogo aliyajua haya kabla sijavuka bahari. Utotoni nilifuatana naye porini kuchimba ming'oko, mizizi ya mwituni inayoliwa. Alitafuta shina lililonyauka likining'inia mtini, akalifuata hadi chini, kisha akachimba polepole, kwa jembe na kwa vidole, maana mizizi ile hukatika upesi. Hakung'oa mmea wote hata siku moja. Alikata minene ya kuchemsha, akakiacha kichwa, pale shina linapoanzia, akakifukia na kuushindilia udongo kwa unyayo. "Ukila na kichwa," alisema, "mwakani utakula nini?"

Likizo iliyopita tulileta vichwa viwili nyumbani, tukavipanda chini ya uzio wa michongoma. Ninamalizia haya nikiwa nyumbani; safari hii nimefika mvua zimeshaanza. Kimoja kimeoza. Cha pili kimechipua, na shina lake jembamba limeshafika juu ya uzio. Asubuhi mama mdogo alifagia uwanja wote kama kawaida yake, mistari ya chelewa ikabaki mchangani. Alipofika pale penye ming'oko, aliinua ufagio, akapita pembeni.