Sauti ya Saa Kumi na Mbili Asubuhi

Charles Hilary alipofariki dunia tarehe 11 Mei 2025, wengi walimtaja kama Msemaji Mkuu wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Wapenzi wa soka walimkumbuka kwa utangazaji wake wa mpira tangu enzi za Radio Tanzania. Wapo pia waliomlilia kwa ajili ya Charanga Time ya Radio One. Hao na muziki wao nawaachia wenyewe. Sisi wa nyanda za juu za Kigoma tunamkumbuka zaidi kwa Amka na BBC, alipokuwa miongoni mwa watangazaji wa London waliotufungulia siku.

Saa ya Tanzania ni moja, lakini Kasulu na Kibondo ziko mbali magharibi, na jua hutuchomozea zaidi ya nusu saa baada ya Dar es Salaam. Matangazo ya saa kumi na mbili, ambayo watu wa pwani waliyapokea kukipambazuka, sisi yalitukuta gizani, tukitafuta viatu mlangoni mwa msikiti baada ya Swala ya Alfajiri. Marehemu baba, Allah amrehemu, alikuwa na redio ya mawimbi mafupi ambayo betri zake alizianika juani kila zilipochoka. Aliiweka dirishani, na majirani wakaja kusikiliza kabla ya kushika majembe. Pamoja nao walikuwapo wakimbizi wa Kirundi waliotafuta vibarua mashambani.

Wakimbizi hao ndio walionifunza uzito wa habari. Kambi ya Mtabila, hapa Kasulu, ilikuwa haijafungwa bado. Ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Kila neno kuhusu Burundi lilikuwa swali ndani ya familia: tufunge virago au tungoje? Uvumi nao haukukosekana kamwe. Hilary akisoma habari ya Bujumbura, hakuipamba wala hakuikimbiza. Jina la mtu alilitamka kwa ukamilifu, idadi akaisoma taratibu. Mzee mmoja wa Kirundi alikuwa akiinua mkono ili tusizungumze hata baada ya habari kwisha, kwani alikuwa bado anaipima. Kwa habari kama hiyo, mtu aliamua kumrudisha mkewe na watoto mahali alikokimbia risasi.

Baadaye chuoni, tulipofika aya ya 6 ya Suratul Hujurat inayoamrisha kuhakiki habari, wenzangu walitaja wapokezi wa Hadithi. Mimi nilimkumbuka pia yule mzee na mkono wake.

Nilipoeleza kwamba ningeandika makala hii, mzee mmoja wa kamati yetu aliniuliza, "Katibu, huyu hakuwa Muislamu. Unamwandikia nini katika gazeti letu?" Swali lake lina haki ya kujibiwa. Nilimwambia, "Mzee wangu, sikusudii kumswalia. Nakusudia kumtolea ushahidi, na ushahidi wa haki tumeamrishwa kuutoa hata kwa asiyekuwa wa kwetu." Alitafakari, kisha akasema yeye alimpenda zaidi kwa mpira.

Kazi yangu ya ukatibu ni pamoja na kusoma matangazo katika kipaza sauti cha msikiti: misiba, harambee, mtoto aliyepotea. Husoma jina la mtu kwa ukamilifu, na la baba yake. Siku hizi simu ya mkononi imemfanya kila mtu mtangazaji, na si kila mtangazaji ana subira. Mwaka huu aliniijia kijana mbio, mkononi ana ujumbe wa WhatsApp uliosambazwa, akitaka nitangaze kifo cha muumini wetu aliyekuwa safarini Kibondo. Watu walikwisha anza kukusanyika kwake. Nilimwomba kwanza tumpigie simu nduguye huko. Simu ikaita muda mrefu. Ilipopokelewa tulisikia kelele za soko, na sauti ya marehemu mwenyewe ikilalamika kwamba tunamkatiza akipima maharage.