Treni ya Mtumba Si Tusi

Kila nikianza story za treni kwa mabeshte wangu, lazima mmoja aulize, "Zile za mtumba?" halafu wote wanaangua kicheko. Sawa. Ni kweli, zile treni za dizeli zilizozinduliwa Nairobi mwaka wa 2020 zilitoka Mallorca, kisiwa cha Uhispania, na zilikuwa zimeshabeba watu huko miaka mingi. Lakini mimi nimelelewa na mtumba. Mamangu anauza nguo Gikomba, karo yangu yote ilitoka kwa robota. Kwa hivyo mtu akilitumia hilo neno kama tusi mbele yangu, lazima tukae chini kidogo tuongee.

Na tukikaa, sitaanza na Nairobi. Nitaanza na Tokyo, 1985, na treni moja ya umeme inayoitwa 205. Nimetazama video zake usiku mwingi kuliko ninavyotaka kukubali.

Miaka hiyo shirika la reli la taifa la Japan, JNR, lilikuwa limezama kwenye madeni hadi shingoni. Treni zake za mjini, zile za 103, zilikuwa nzito na zinakula umeme. Walikuwa wameshaunda ya kisasa, 201, lakini mitambo yake ya elektroniki ilikuwa ghali mno kuinunua kwa wingi. Mainjinia wakarudi mezani wakatoka na 205. Bodi ni ya chuma kisichoshika kutu, nyepesi, haihitaji kupakwa rangi kila baada ya miaka michache, ni utepe tu wa rangi ya laini unabandikwa ubavuni. Mfumo wa umeme ni wa bei nafuu, ila wakahakikisha una kitu kimoja cha maana: dereva akishika breki, mota zinageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye waya wa juu, treni iliyo karibu iutumie. Yaani ni kama matatu iteremke kwenda Mai Mahiu, na kila ikishika breki dizeli inaingia kwa tangi ya matatu inayopanda.

Hiyo ndiyo sehemu inayonimaliza mimi. Treni hii ilizaliwa na ukosefu wa pesa. Mwaka wa 1987 JNR yenyewe ilivunjwa na kubinafsishwa, lakini 205 iliendelea kuundwa chini ya kampuni zilizoirithi hadi miaka ya 90, ikapita mabehewa 1,400. Waliobana matumizi wakaunda kitu rahisi, na kitu rahisi ndicho kinachodumu. Muulize fundi yeyote wa Grogan kati ya gari lenye kompyuta kumi na lile la zamani, lipi atakutengenezea leo.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa laini ya Yamanote, ule mzunguko wa kilomita 34.5 unaozunguka katikati ya Tokyo. Mnajua tunavyobebana kwa mathree saa moja asubuhi? Huko ilifika mahali, mwaka wa 1991, wakaongeza kwenye kila treni behewa lenye milango sita kila upande badala ya minne, na viti vyake vinakunjwa ukutani hadi saa nne asubuhi. Hakuna kukaa. Kila mtu anasimama. Makanga wa Nairobi wakisikia hii idea tumekwisha.

Ilipofika 2005, Yamanote wakapata treni mpya za E231 na 205 ikahamishiwa laini nyingine. Hapo ndipo hadithi ya Jakarta inapoingia.

Jakarta ya wakati ule ilikuwa na treni ambazo watu walipanda juu ya paa. Si wachache, ni mamia, kila siku, chini ya waya wa umeme. Wenye reli walijaribu kila kitu, na mwaka wa 2012 walifikia kuning'iniza mipira ya zege juu ya reli ili anayekaa paani aigonge. Mipira ya zege, wasee. Mwaka uliofuata wakabadilisha mambo kwa njia tofauti: tiketi za kielektroniki, treni zisizo na AC zikaondolewa, na kuanzia mwishoni mwa 2013 zikaanza kufika meli zikiwa zimebeba 205. Kwanza mabehewa 180 ya laini ya Saikyo, halafu ya Yokohama, halafu ya Nambu, na kati ya 2018 na 2020 mabehewa 336 ya laini ya Musashino. Ukijumlisha unapata 812. Huo si msaada wa picha ya gazeti. Huo ni mji mzima kubadilishiwa usafiri.

Mamangu akifungua robota hatazami kama koti lilivaliwa Berlin ama London. Anaangalia litamtosha nani, na zipu ikiharibika kama kuna mtu sokoni wa kuishona. Ukiiangalia Jakarta kwa macho yake, unaelewa kwa nini ilifanikiwa. Reli za Tokyo hizo zina upana wa milimita 1,067, na reli za Java ni 1,067 vilevile tangu enzi za Waholanzi. Umeme ni volti 1,500 huku na huku. Koti lilikaa mwilini bila kupelekwa kwa fundi. Wakaongeza ngazi milangoni kwa sababu baadhi ya stesheni zilikuwa chini, wakaweka wavu mbele ya kioo cha dereva kwa sababu ya watoto wa kurusha mawe, wakapaka nyekundu na njano, basi. Na ile zipu? JR East ilisaini mkataba wa kushirikiana na wale wa Jakarta na ikatuma watu wake kufundisha ukarabati. Treni iliyochoka kabisa inavuliwa vipuri ili nyingine iendelee kutembea. Kabla ya korona, mtandao ule ulikuwa unabeba zaidi ya abiria milioni 300 kwa mwaka.

Sisemi ni hadithi ya peponi. Septemba 2015 treni mbili za 205 ziligongana stesheni ya Juanda, Jakarta, na watu wakaumia. Na kuna shida kubwa zaidi ambayo ilikuwa inakuja polepole. Ukinunua nguo nyingi za umri mmoja, zote zinachakaa pamoja.

Mwaka wa 2023 ilikuwa imefika. Wenye treni Jakarta walitaka kuleta mtumba mwingine kutoka Japan, E217, ili wapumzishe zile zilizozeeka. Serikali ikakataa. Wizara ya viwanda ilisema treni ziundwe nyumbani, na kiwanda kipo kweli, INKA, kule Madiun. Mwishowe wakaagiza mpya za INKA na nyingine mpya kutoka China, ambazo zilianza kufika 2025.

Watu wengi wanaisoma hiyo kama ushindi wa heshima dhidi ya mtumba. Mimi naona tofauti. Kuunda treni zako mwenyewe ni jambo zuri, sina ubishi, lakini treni haiundwi kwa wiki mbili. Oda ilipaswa kuwekwa miaka kadhaa nyuma, wakati zile za Musashino bado zinashushwa bandarini. Waliochelewa walikuwa ofisini. Waliobanwa mlangoni saa kumi na mbili asubuhi ni abiria wa Bogor, na wao hawakuulizwa.

Sasa turudi kwetu. Reli yetu ya zamani ni ya milimita 1,000. Ya Mallorca pia ni 1,000, ndiyo maana zile treni zilitosha. Na unajua kwa nini Mallorca walikuwa wanaziuza? Kwa sababu waliweka umeme kwenye laini zao, dizeli zikakosa kazi. Sisi tukanunua kilichoachwa na umeme. Mimi sina aibu na hiyo, mtu wa Ruiru anafika tao bila jam ya Thika Road. Jirani zetu Tanzania sasa wana treni ya umeme kutoka Dar hadi Dodoma, na wakitucheka wana haki kidogo.

Kwa hivyo mabeshte, acheni kuuliza kama ni za mtumba. Mimi nataka kujua vipuri vyake vinatoka wapi sasa hivi, nani anafundishwa kuzitengeneza, na oda ya zile zitakazokuja baada yake itawekwa mwaka gani. Kama kuna mtu wenu anafanya kazi kwa karakana ya treni, aniambie. Chai ni juu yangu.